Zungushia Kisichofanana

Jana jioni nilishuka na flashi mfukoni
hadi kwa Chibago, steshenari iliyo mkabala na reli,
yenye mashine moja inayochapa huku ikikohoa.
"Kurasa ngapi, mwalimu?"
Kumi na mbili.
"Na nakala?"
Hapo ndipo nilipotazama viatu vyangu.

Watoto hamsini na wanne, mara kurasa kumi na mbili,
mara shilingi mia:
hesabu hiyo naijua bila vidole.
Nikasema, moja moja. Mengine nitajua mwenyewe.

Wino ulikuwa ukingoni.
Kila karatasi ilitoka na mchirizi mweupe
toka juu hadi chini, kama njia ya mbuzi
inavyokata shamba la uwele uliokwisha kuvunwa.
Chibago akaitikisa katriji, akaipiga kofi,
akanipunguzia mia mbili. Hiyo ndiyo pole yake.

Usiku, kwa taa ya sola, nikaanza ukarabati.
Tufaha nikalifuta, nani hapa amewahi kulila?
Nikachora kichala cha zabibu, punje tano.
Mtu wa theluji mwenye pua ya karoti
nikamgeuza kibuyu cha maziwa;
haikuwa kazi, tumbo alikuwa nalo tayari.
Herufi za nukta nukta sikuzigusa.
A ni a, hata Bahi.

Kila ukurasa nikauvisha jalada la nailoni,
lile la kufunikia madaftari,
mkaa uandike, kitambaa kifute,
karatasi moja ipite mikono hamsini na minne
isizeeke kabla ya Ijumaa.

Asubuhi upepo uliwahi darasani kabla yangu.
Tukazibana kurasa kwa kokoto.
Sechelela akafuata nukta za m, ulimi nje,
kichwa kikipanda na kushuka na vilima vyake.
Mbeleje akahesabu zabibu, akafika nne,
akasema ya tano ameila.
Nikampa vema. Kutoa nako ni hesabu.

Halafu ukurasa wa saba.
Ng'ombe wanne wamesimama safu moja,
mkiani mwao kuku.
Zungushia kisichofanana.
Hata asiyejua kushika mkaa humwona kuku.

Chedego akamzungushia ng'ombe wa tatu.
Duara nene, limefungwa vizuri,
mkono haukutetemeka.

"Tazama tena," nikasema.
Akatazama tena.
Akaongeza duara la pili juu ya la kwanza.
Nikamshika kidole, nikakipeleka polepole kwa kuku;
nilipokiachia kikarudi zizini.

Nikachora kosa,
mistari miwili meusi iliyokingamana.
Hakulia. Alinitazama tu
kama anavyotazamwa mgeni aliyepotea njia
naye bado hajajua.

"Mwalimu, kuku ni kuku.
Hawa wengine hata sijui ni wa nani.
Huyu ana mstari mweupe, mgongoni mpaka tumboni.
Huyu akipotea
mimi namtafuta, namwona."

Nikainama.
Mchirizi wa Chibago ulikuwa umempitia
yule mmoja tu, katikati kabisa.
Mwaka jana mtoto huyu alikuwa machungani na kaka zake,
ng'ombe thelathini na kitu,
akiwajua mmoja mmoja kwa mabaka na kwa pembe,
wala hajui kuhesabu kupita kumi.

Kitambaa kikafuta kosa langu.
Maduara mawili nikayaacha kwanza,
nikamwita Nyemo aje ayaone.
Nyemo akaona. Akasema, "Kweli, huyu wa mstari,"
kisha akamzungushia kuku vilevile,
asije akaonewa.

Mwongozo wa majibu unasema: kuku.

Leo Chibago amenitumia ujumbe.
Katriji mpya imefika kutoka mjini,
niende anichapie upya, safi, bila malipo.
Nitakwenda. Nitampa kumi na moja.
Huu wa saba
uko ndani ya jalada lake, juu ya kabati,
kokoto juu yake.