Mishono Mitatu

Jumamosi, soko la Tarnów, baridi ya kukata masikio.
Bogumił ametandika blanketi, juu yake chuma:
magazini nne za bunduki, mkoba mmoja wa turubai.
"Za wapi?"
Anapandisha mabega. "Za vita."

Nazishika moja moja. Chuma hakina haraka ya kusema.
Nasugua kutu kwa mate na kidole gumba:
namba tano, kisha duara, ndani yake mshale uliolika.
Hii nyingine mbavu zake pana, weusi wake wa kupakwa juzi.
Ndugu wa kambo, wamelazwa kitanda kimoja.

Mkoba ndio mbishi. Muhuri umefuliwa hadi ukafutika.
Vifungo vya mbao, harufu ya mafuta ya taa.
Naandika daftarini: Bulgaria? Nafuta.
Naandika: Hungaria. Nafuta, karatasi inatoboka.

Bi Kunegunda, muuza zipu wa meza ya pili,
ananipokonya, anaugeuza nje ndani, anatafuta miwani.
"Uzi wetu huu. Kiwanda cha mtoni, zamu ya usiku.
Tulilipwa kwa idadi, mwanangu. Tazama pembeni hapa:
tuliruka mishono mitatu."

Bogumił kasikia.
Bei inapanda papo hapo.