Kurekebisha Anga

Picha yenyewe ndogo, yaenea kiganjani.
Ilikunjwa mara moja, na mkunjo umepita
juu ya kifungo cha pili cha shati la baba.
Nyuma, kwa wino uliovuja: Webuye, Agosti 1986.
Nelima aliileta ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa,
akanikabidhi kama anayekabidhi yai:
"Wewe ndiye mwenye kompyuta. Isafishe.
Mama anatimiza sabini Jumamosi, tunataka ya ukutani."

Mwenye kompyuta! Mashine ya mtumba kutoka Bungoma,
programu ni ile ya bure iliyokuja nayo:
ina mkasi, ina brashi, ina kifutio,
na kitufe kimoja cha wavivu, Boresha.
Nikangoja saa nne usiku, stima itulie.

Kwanza pembe. Nikakata kidole gumba cha mpiga picha
kilichokuwa kikichungulia kama jirani mbeya.
Kisha mikwaruzo: nachukua ngozi nzima ya shavu
naibandika palipochubuka,
kiraka juu ya kiraka, kama kaptura zetu za shule.
Mkunjo ulinila saa nzima.
Kifungo cha pili hakipo tena, kimeliwa na karatasi,
basi nikanakili cha tatu, nikakipandisha.
Baba angecheka. Naye alifanya vivyo hivyo, kwa sindano.

Nikataka kujua saa yake ya mkononi ilisema saa ngapi.
Nikakuza. Nikakuza tena.
Mkono ukawa vigae, vigae vikawa matope,
mishale ikayeyuka.
Kumbe kuna kipimo cha kumkaribia;
ukikivuka, hayupo.
Nikarudi nyuma hatua tatu, naye akarudi,
mkono mmoja mfukoni, mmoja begani kwa mama,
na mama kambeba Barasa, ambaye hataki.

Ikabaki anga.
Lilikuwa na rangi ya maji yaliyooshea sufuria,
zito, limeinamia mabati ya nyumba za wafanyakazi.
Nikabonyeza Boresha.

Buluu!
Buluu ya sare mpya, buluu ya kalenda ya benki.
Shati likawa jeupe kuliko sabuni yoyote tuliyowahi kununua,
na kilima cha Chetambe, kilichokuwa kimefifia nyuma yao,
kikajitokeza kama mgeni aliyesikia harufu ya nyama.
Nikajisifu. Nikaituma kwenye kundi la familia saa saba usiku.
Kulipokucha, mioyo kumi na saba.
Barasa, kutoka Nakuru: "Mzee amekuwa kijana!"
Nelima alilia, au aliandika kwamba analia.

Mama hana habari na mioyo. Alipiga simu.
Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku wake.
"Picha nimeonyeshwa. Nzuri.
Lakini hebu niambie, siku hiyo walikuwa wamegoma?"
"Kina nani, mama?"
"Watu wa kiwanda. Moshi uko wapi?"

Nikaanza kueleza mwanga, brashi, kitufe.
Akanikatiza.
"Ulinuka, ndiyo, mayai viza,
nguo tukianika zinanuka, wageni wakifika wanaziba pua.
Lakini asubuhi nikifungua mlango
nikute anga limetakata hivyo,
nilijua kuna neno.
Nilipunguza unga wa uji kabla babako hajaamka."

Usiku nikairudia mashine.
Kuna mshale mdogo unaopinda kushoto,
hutangua ulichokitenda mwisho.
Nikaubonyeza mara moja.
Chetambe kikafifia, shati likachoka,
anga likashuka, likakaa juu ya mabati.
Kifungo nilikiacha.