Buti za Kaporali

Nauza mawese kwa vikombe, Kadutu,
pale ngazi za udongo zinapoteremka kuelekea sokoni.
Naitwa Nabintu. Mume wangu Zihindula ni kaporali,
miaka kumi na sita ya gwaride
na buti jozi moja, ya kushoto ina kiraka
nilichokishona kwa uzi wa bluu, mweusi ulikuwa umekwisha.

Walianza kupunguza taratibu, kama mtu anayechota sukari ya jirani.
Kwanza maharage. Kisha sabuni.
Kisha wakaja na orodha, wakasoma majina mvuani,
na kikosi cha watu kumi na wanne kikarudi watano,
betri za tochi wajinunulie,
risasi tatu kwa kila bunduki na sahihi kwa kila risasi.
Tangu hapo doria haipandi kwetu.
Inafika kwenye bomba la maji, inakohoa, inageuka.

Wezi nao wanajua kuhesabu.

Usiku wa Jumanne waliingia kwa kufumua bati.
Wakabeba godoro, dumu la mawese, cherehani,
na Mugisho wangu alipoing'ang'ania cherehani
wakamkata mkono, hapa,
mahali ambapo watu wengine huvaa saa.
Mmoja alicheka. Kicheko kile nakijua.
Ni cha Kashosi, ambaye mama yake alipougua
uji alikunywa kwenye kijiko changu.

Tulimpeleka wenyewe, majirani saba na kamba.
Parke walitupokea vizuri, sitasema uongo.
Karani alifuta kiti kwa kiganja.
Akasema faili inataka karatasi. Tukanunua karatasi.
Kalamu imekauka. Tukanunua kalamu.
Pikipiki ya mpelelezi haina mafuta.
Nikasema mafuta ninayo, ya mawese.
Hakuna aliyecheka.

Ndipo Zihindula akavua buti za serikali,
akazing'arisha mara ya mwisho kwa mate na kitambaa,
akatoka nazo kwapani,
akarudi na kandambili za mtoto, visigino nje.
Franka zote zikaingia kwenye tangi.
Pikipiki ikanguruma, ikaenda, sijui ilikokwenda.
Alhamisi Kashosi alikuwa bomba la maji, anapiga mswaki.
Ushahidi haukutosha, walisema.
Mkono wa mwanangu bado ulikuwa ukivuja,
lakini mkono si karatasi.

Jumatatu kwenye gwaride kamanda alitazama chini.
Lo! Sheria niliyodhani imepooza
kumbe ina mbio.
Siku sita tu. Auditora ya kijeshi, mashahidi watatu,
karatasi nyeupe ambazo hakuna aliyezichangia,
kalamu inatiririka kama Ruzizi.
Miezi minane, kwa kupoteza mali ya jeshi.
Walisoma mpaka namba ya buti, arobaini na mbili.
Cherehani yangu nayo ilikuwa na namba.

Sasa kila Jumapili nabeba bugali kwenye kitambaa hadi gerezani,
namlipa mlinzi ili mume wangu ale.
Mlinzi naye ana miezi minne hajauona mshahara,
mashavu yamebonyea,
hata kumchukia nashindwa kumchukia sawasawa.

Juzi mvua ilikuwa imelainisha ngazi.
Nikateleza. Mtu akanidaka kiwiko.
"Pole, mama," akasema, na sauti ilikuwa ya huruma kabisa,
hilo ndilo linaloniuma.
Nikatazama chini, kama kamanda.
Uzi wa bluu.

Nikakimbia parke nikihema.
Nikasema: buti za serikali zimeonekana, zinatembea, zina mtu ndani.
Karani alifuta kiti kwa kiganja.
Akafungua droo, akanionyesha ilivyo tupu.

Nilikuwa na franka elfu mbili.
Nilisimama mbele ya duka la karatasi muda mrefu,
mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.
Kisha nikavuka barabara, nikanunua chumvi.