Kisogo cha Eneritz

Eneritz, uso wako siujui.
Usicheke. Miaka kumi na mmoja
wewe mbele, mimi nyuma,
ukuta ukitukodolea sote wawili,
na nilichokiona kwako ni kisogo:
nywele zilizofungwa kwa kamba ya kiatu,
kovu dogo chini ya sikio la kulia
(ng'ombe wa baba, ulisema; siku nyingine ukasema mlango),
na jasho likichora ramani ya nchi isiyokuwepo
mgongoni mwa fulana nyeupe.

Sasa unatimiza arobaini, unataka picha ya sebuleni.
"Wewe si unachora vibao vya maduka?
Nichore basi."

Nilianza na uso, kama wanavyoanza watu wenye adabu.
Pua ikagoma. Macho yakawa ya dada yako Itsaso.
Nikafuta, nikachora tena, nikapata mtawa.
Wewe, mtawa!
Wewe uliyemtukana refa kwa lugha mbili
mpaka padri akafunga dirisha.

Nikaiacha penseli, nikashuka uwanjani.
Jumanne, na mvua ile ya huku milimani
isiyonyesha wala kukoma.
Ukuta umelowa, rangi ya kijani imebanduka
pale chini kushoto, shubiri moja juu ya bati,
pale unapopenda kuulaza mpira ufe.
Nikapapasa. Jiwe limebonyea.
Jiwe, Eneritz! La kanisa!
Mtu wa kilo hamsini na sita
kalibonyeza jiwe kwa mkono mtupu.

Nikarudi mbio. Nikauchora ukuta na kibonyeo chake.
Kando yake nikauchora mpira,
nikaupasua katikati kama chungwa:
moyo wa mti, kisha sufu, duara juu ya duara,
kisha ngozi ya mbuzi iliyoshonwa kwa subira.
Kigumu ndani, laini kati, nje makovu.
Anayekujua ataelewa.
Asiyekujua aone mpira, inatosha.

Ila picha ilikuwa bubu.
Siku tatu nikaizunguka kama paka na maziwa ya moto.

Usiku wa nne nikakumbuka Urrizelai.
Fainali. Wao ishirini, sisi kumi na tisa.
Mkono wako umeumuka kama mkate,
damu imevilia chini ya plasta,
vidole havikunjiki.
Ukakaa kwenye saruji, ukatandaza kiganja,
ukaniambia neno moja: "Kanyaga."

Nikakanyaga.
Kisigino kwanza, polepole,
kama mtu anayevuka chumba cha mtoto aliyelala.
Damu ikakubali kuondoka, kidogo kidogo,
nami uzito wangu wote nikauning'iniza hewani
kwa nguvu za kitu nisichokijua jina.
Ndipo ukaniinulia uso.
Mara ile moja. Ulitazama juu
na hukuniomba nipunguze.

Hicho ndicho nilichochora:
kiganja wazi, na juu yake kiatu changu,
cha kushoto, chenye soli iliyolika upande.
Hakuna kingine. Ukuta kwa mbali. Mpira uliopasuka.

Joxepa wa duka la mikate alikuja kuchungulia,
akaguna, akauliza: "Nani huyo anayemtesa?"
Nikamwambia ni mimi.
Akaondoka bila kuaga.
Tangu hapo mkate wangu ananipa wa jana.

Wewe ulifika Jumapili, viatu vya matope,
ukasimama mbele ya picha muda mrefu,
nami, kama kawaida yangu, nikasimama nyuma.
Kisogo hakikusema kitu.
Ukanyoosha mkono ukaulaza juu ya mkono,
rangi ikiwa bado mbichi,
ukaharibu kidole cha nne.

"Hiki kimepinda zaidi," ukasema,
bila kugeuka.

Na mechi ile tulifungwa, tusidanganyane:
ishirini na mbili kwa kumi na tisa.