Beki wa Kushoto

Tumekaa uchi, wanaume wanne, juu ya ubao wa msonobari,
vitambi vimelala mapajani kama paka,
na tunajadili miili ya vijana.

Ligi ilikwisha Oktoba. Itarudi Aprili.
Katikati hapa kuna giza, na maneno.
Ilpo anayamwagia mawe maji;
mawe yanafoka, nasi tunafoka.

"Kipa mikono anayo," anaanza Ilpo.
"Mizuri tu. Ila anaitumia kuomba radhi."
Tauno anatikisa kichwa, jasho linaruka.
Aliichezea timu mechi tatu, mwaka sabini na nane,
na huzisimulia kama misimu mitatu.
"Kipa mwacheni. Nyumba ikikosa mlango,
utamlaumu aliyelala ndani?"

Mlango wenyewe tunaujua kwa jina.
Lakini kwanza tunazunguka, kwa adabu:
Eetu wa winga ya kulia, mbio anazo za kuuza,
ila akifika hakumbuki alitumwa nini.
Wellerson, kiungo, Mbrazili wa watu,
pasi yake inapita tundu la sindano,
lakini anacheza amevaa glavu mbili mbili
na roho ameiacha kwa mama yake.
Nahodha? Nahodha anapiga kelele vizuri.
Hapo hakuna ubishi.

Haya. Vuolle.

"Anageuka kama meli ya magogo," asema Tauno,
"pua kwanza, kiuno baadaye,
akimaliza kugeuka mpira umeshazaa wavuni."
Nasema mimi: "Mipira ya juu, je? Nani anamzidi kwa kichwa?"
"Hakuna," ajibu Ilpo, "ndiyo maana wote wanapitia chini."
Tunacheka mpaka ubao unalia.
Kisha tunalirudia lile bao la Oktoba, dakika ya themanini na tisa,
mara ya mia sasa, labda mia mbili.
Uwanja umezikwa chini ya mita moja ya theluji
na bado Vuolle anapitwa.

Reino hajasema neno. Reino ni wa akiba.
Anajichapa mgongo kwa majani, taratibu,
kama anayefuta vumbi kwenye zulia la marehemu.

Saa nne tunatoka, taulo shingoni, mvuke ukitutoka kichwani.
Njia haipo. Gari la Ilpo limekuwa kichuguu cheupe.
Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
pua inakatika kwa ndani,
na koleo ni moja, la Tauno, lina mpini uliovunjika.

Ndipo taa ya manjano inapokata kona,
na tingatinga la manispaa linaingia likinguruma,
likiisukuma theluji kando kama shuka la kitanda.
Ndani, kofia hadi nyusi, chupa ya kahawa kwenye kioo:
Henrikki Vuolle.
Anatupungia. Tunampungia,
mikono ileile.

Anafika mwisho, kwenye ua wa mjane Lempi,
mahali ambapo hata baiskeli hushuka ikakokotwa.
Pale anageuka.
Mara moja. Hakurudi nyuma hata shubiri,
hakuligusa sanduku la barua,
tani kumi na tatu zikazunguka juu ya kisigino
kama binti kwenye dansi ya harusi.

Anapita tena, polepole, anashusha kioo:
"Usiku mwema, wazee. Barafu hiyo, angalieni miguu."
Taa ya manjano inakwenda kuamsha mtaa mwingine.

Tumesimama. Nywele zimeganda, zinagongana kama shanga.
Ndipo Reino, wa akiba, anapoingia uwanjani:
"Kugeuka anajua."

Kimya. Ilpo anakwangua kioo cha gari kwa kadi ya uanachama.
"Basi," asema Tauno, "basi tatizo ni kiungo wa kushoto.
Hamfuniki. Sikilizeni, nani alikuwa anamfunika Oktoba ile?"

Na Ilpo, mkono mlangoni, hafungui mlango.