Daftari la Kupimia Kahawa

Shangazi Aikande alipima kahawa ghala la Kidia,
juu ya mji wa Moshi, miaka kumi na minne.
Mbele ya daftari: jina, kilo, senti, sahihi.
Uligeuze, uanzie nyuma:
kuna mwanamke anafuata mfereji usiku, ana chemli,
hasemi anakwenda wapi.

Hadithi ile ilitoka gazetini kwa jina la Kaanaeli,
kaka yake, fundi baiskeli, mtu mwema,
asiyeweza kumaliza barua ya kuagiza spoku.
Wakamletea zawadi, saa ya mkononi.
Akaivaa kanisani, ameivutia mkono wa koti,
na kila jioni akampa dada yake aitie ufunguo.
Labda ndivyo alivyoomba radhi.
Sijui. Upande huo hakuna aliyeuandika.

Halafu mhariri akapanda treni, aje amwone mwandishi.
Walichinja jogoo. Kaanaeli alikalishwa kwenye kiti chenye mto,
jasho linamtoka kama anayedaiwa.
Mhariri akauliza, "Yule mwanamke wa mfereji,
mbona hakurudi?"
Kimya. Birika likachemka mpaka likajimwagia.

Shangazi akaweka vikombe, kimoja, kingine,
akasema, macho kwenye sukari:
"Alirudi. Ila hawakumuuliza alikotoka."
Mhariri akatoa kalamu, akaandika neno kwa neno,
akamshukuru Kaanaeli.

Usiku huo, ukurasa wa nyuma, wino umekwaruza karatasi:

*Kalamu nimeizika, ndani ya debe la unga,*
*Na nikiitwa kupika, hadithi ninaichunga.*

Basi. Mistari miwili, halafu hesabu za chumvi.
Nilitafuta beti zilizobaki,
nikapata mbegu za maboga na risiti ya mafuta ya taa.

Aliolewa Mwika, akaachika, akarudi na sanduku lile lile.
Waliomcheka kwa kuandika ndio hao hao
waliokuja na bahasha kumwomba
awaandikie watoto wao walioko Mombasa,
"na utie maneno ya kuliza kidogo."
Alitia. Hakutoza.
Kitabu cha ushirika kimemwandika: *mkulima, hana mtoto.*

Mstari wa mwisho wa daftari, upande wa mbele, ni mwandiko wake:
*Aikande. Madaftari sita. Kilo tatu na robo.*
Senti: pengo.
Sahihi ya mpokeaji: pengo.

Jana nimeyateremsha hadi soko la Kiborloni,
nikayaweka kwenye mizani ya muuza vitunguu.
Kilo mbili na nusu.
Mchwa wamesoma kabla yangu.

"Unauza karatasi za kufungia?" akaniuliza.
Nikasema hapana, napokea mzigo,
nikamwazima kalamu ya sikioni,
na mkono wangu, uliozoea kuandika kila kitu,
ukasahau kwa muda jinsi jina langu linavyoanza.