Lebo ya Asali

Lori la Dodoma linaondoka saa kumi na mbili
na Mlekwa, mhasibu wa ushirika, kasimama mlangoni
na karatasi ya mnunuzi wa Torino.
"Neno moja tu, Nyamizi. Herufi tatu."

Neno lenyewe ni raw.

Kiingereza hulituma kokote na nguo zile zile:
kwa nyama, kwa jeraha, kwa pamba ya gunia,
kwa sauti ya mtu aliayelia usiku kucha.
Letu hunawa, huvaa upya kwa kila mwenyeji:
kuni mbichi, hindi bichi, kidonda kibichi.

Kiitaliano changu nilikiokota zahanati
nikimshikia Sista Ornella beseni la chachi.
Crudo, alisema, ni nyama, na ni baridi ya kwetu Januari.
Grezzo, jiwe ambalo patasi haijalifikia.
Na ngozi ikichubuka hadi ndani, basi viva:
walichokiita wengine kibichi, wao wamekiita hai.
Asali hakunifundisha.
Tuliipaka tu kwenye majeraha ya moto,
hatukuwa na haja ya kuisifu.

Naandika crudo. Nauona mtungi umening'inia buchani.
Nafuta. Grezzo. Changarawe kwenye kijiko.
"Andika safi," anasema Mlekwa, "safi inatosha,"
naye anaitazama saa ya simu
kama anayeidai.

Baba alirina miaka arobaini kwenye myombo ya Sikonge,
sikumsikia hata mara moja akitamka asali mbichi.
Kwani nani aliipika?
Wenye mitambo, waliokwisha kuichemsha yao,
ndio wanaotafuta neno
la kuisemea ile ambayo hawakuigusa.

Nilitaka kumuuliza. Mkono ukaenda kwenye simu,
ukafika hadi herufi B,
ukarudi.

Kaburi bado bichi.
Mvua ya Jumatano imelididimiza upande wa miguu,
na mizinga yake kumi na saba
ingali juu ya miti,
haijapewa habari.

Dereva anapiga honi.
Naandika vivo, kwa kalamu, juu ya vilivyofutwa vyote.

"Ndilo lenyewe?"

Silo, Mlekwa.
Funga maboksi.